Kamba ya Kushoto

Ilikatika Alhamisi, ile nyekundu, ya kushoto,
kwenye vigingi vya mwani, tena vya mama yangu.
Mgeni aliachia mkono, kaiti ikalala majini,
kamba ikajipeleka yenyewe kwenye kigingi,
ikasuguliwa, ikasuguliwa, ikasema ta!
Mwenye skuli akasema seti mpya ni laki sita.
Hakusema nani alipe. Alinitazama viatu.
Sikuwa na viatu.

Nimezileta nyumbani Jambiani zote nne
ndani ya ndoo ya rangi, zimeshikana kama tambi.
Kwanza maji baridi, zitoke chumvi na mchanga,
maana mchanga ni msumeno usio na kelele:
huila kamba kwa ndani nawe unaisifu kwa nje.
Kisha nikazianika uani.
Tatu akatundika kanga yake juu yake.
Nikanyamaza.

Kamba hii ina tumbo.
Hilo hawalijui wanaoishika kwa glavu.
Ni msuko mwembamba kuliko ujiti wa kiberiti,
na katikati patupu, kama bua la jani la mpapai.
Huifungi fundo. Fundo ni kisu cha polepole,
siku ya upepo wa kweli hukata papo hapo lilipo.
Unaipenyeza ndani ya mwenzake.
Sindano yangu ni unyuzi wa waya wa breki ya baiskeli,
nimeukunja katikati ukapata jicho.
Unaingia hapa, unatokea shibiri moja mbele,
unaitia ncha jichoni, unarudi nayo gizani.
Ukiilegeza, inakuachia.
Ukiivuta, inakaba,
na kadiri unavyoivuta ndivyo inavyokataa kutoka.

Mama yuko kizingitini, mapajani furushi la tai-tai.
"Si ufunge tu?"
Nikamwambia fundo hula nusu ya nguvu ya kamba.
Akacheka, meno ya pembeni yakaonekana:
"Mimi nafunga mafundo mia tatu kwa bamvua moja."
Kimya kidogo.
"Lakini mwani wangu hauna safari."

Sasa kupima.
Kamba ikimezana hufupika, hiyo ndiyo kodi yake.
Vitanzi vinne kwenye msumari mmoja, nguzo ya umeme,
Tatu akashika ncha, akarudi kinyumenyume
mpaka kwenye banda la kuku la kina Mwanakheri, akavuta.
Nyekundu imepungua vidole vinne.
Vidole vinne huku chini, kule juu ni wazimu:
kaiti itazunguka kushoto tu
kama mbuzi aliyefungwa.
Basi nikashika mkasi, nikasema,
"Nakata tatu."
Tatu akashtuka, akaziachia zote mchangani.
Tulicheka mpaka kuku wakahama.

Nikazikata kweli, zile tatu nzima,
zisizo na kosa, zisizofika hata kwenye kigingi,
ili ile iliyokatika isivute peke yake.
Sikupenda mlio wa mkasi.

Likabaki la kurefusha.
Mwezi Machi upepo huwa mlegevu, kaiti kubwa
inataka kamba ndefu, ipate anga ya kutembea.
Ninacho kibunda cha kamba ya samawati
alichokiacha Mtaliano mmoja, na tepu ya kupimia
iliyokatikia mita moja na nusu.
"Lete," mama akasema.
Akasimama, akatandaza mikono: pima.
Tena: pima.
Miaka kumi na tisa anapima kamba za mwani,
maji yakiwa magotini, jua likiwa kisogoni,
kila pima sawa na dada yake.
Nane akazikata, mbili kwa kila kamba.
Nikaziweka sambamba sakafuni chini ya taa.
Unywele haukupita.

Jumatatu mtu kutoka Warszawa ataninginia
kwenye urefu wa mikono ya mama,
ataruka juu ya shamba lake la mwani akipiga kelele,
na mama hatainua kichwa, ana kazi.

Nimezikunja nane-nane, nimezitia mfukoni.
"Umemaliza?"
"Nimemaliza."
"Na kigingi changu kilichong'oka,
hicho mwenye skuli amekitajia bei?"

Nimechukua panga.
Nachonga.