Zoezi

Ovaroli yako ya urubani bado iko kwangu, Kyungu,
nyuma ya mlango, pini nne kwenye mkono wa kushoto.
Ulisema: fupisha vidole viwili, nitaipitia Jumamosi.
Ukaondoka na ile nyingine, yenye doa la mafuta kifuani,
ukauruka mtaro wa Kamalondo
kama mtu anayechelewa shule.

Alhamisi, saa tatu kasoro, nilikuwa nashona sare za kwaya.
Nilikusikia ukipita. Mtaa mzima uliijua ngurumo yako:
ukifika juu ya kile kilima cheusi cha masizi ya shaba
ulikuwa ukiinamisha bawa, mara moja tu,
wakubwa wako hawakupenda,
na Mama alikuwa akitoka na mwiko wa bukari
akipunga angani: "Teremka, ule!"
Siku hiyo hakutoka. Goti lilimsumbua.
Nami uzi ulikuwa umekatika, nikainama kutunga sindano.

Walikuja wawili, kofia kwapani.
Mmoja alisoma karatasi. Mwingine alitazama cherehani.
Ajali ya mazoezi, walisema.
Hakukuwa na adui.

Basi sina wa kumlaani.
Mjane wa vita ana mpaka wa kuunyooshea kidole,
ana jina la mto, jina la kilima.
Mimi nimepewa neno la darasani.

Zoezi.
Zoezi la tano, ukurasa wa kumi na mbili.
Unamkumbuka Mwalimu Mwelwa na chaki yake nyekundu?
Dawati moja, mimi na wewe; ulikosea kugawanya,
ukalowesha kifutio kwa mate, ukafuta, ukafuta,
mpaka karatasi ikatoboka
na namba za ukurasa wa pili zikachungulia.
"Si neno," alisema, "ndiyo maana likaitwa zoezi.
Geuza, anza upya."

Nilipelekwa kuona. Nyuma ya Luano, kati ya vichuguu,
nyasi zimeungua, udongo mwekundu uko wazi.
Shimo si kubwa. Nilidhani litakuwa kubwa.
Mtoto wa wachoma makaa alisema aliiona ndege
ikizielekea nyumba zao, kisha ikajivuta, ikaugeukia msitu.
Kaka yake akasema hapana, ilianguka tu, kama tofali.
Nawaamini wote wawili. Nawaamini kwa zamu:
yule mdogo, usiku.

Matangani Shangazi Mwadi alinishika mkono:
pacha haliliwi, Kabange,
ataikuta njia imelowa, atateleza.
Nikajizuia siku tisa.
Ulinitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na moja;
Mama husema wewe ulitoka kwa haraka zako,
mimi nilivutwa.

Wateja huuliza bei. Kitambaa kizuri, wanasema,
zipu imara. Nawaambia ina mwenyewe.
Jana akaja kijana, mwanafunzi wako, Luteni Mumba,
ovaroli mpya mkononi, kifua hakina jina.
Nilimpa kiti, hakukaa.
Akasema kule juu ulikuwa ukimwambia:
"Taratibu. Usiikamate kama baiskeli ya kuazima."
Akasema, kesho naruka peke yangu, mara ya kwanza,
halafu akaangalia mlango, akaziona zile pini,
akanyamaza.

Nikamshonea herufi tano kwa uzi wa njano.
Pesa sikuchukua. Nilimwomba kitu kimoja:
akipita hapa asiinamishe bawa.
Mama atatoka na mwiko.

Asubuhi hii amepita. Amenyooka
kama mstari uliopigwa kwa rula.
Nimesimama uwanjani mpaka sauti ikaisha,
nikamsikia Mama ndani akisogeza kiti, kisha akatulia.

Nimeingia. Nimechomoa pini, moja, moja,
nikaziweka mdomoni nisiseme na mtu.
Leo Jumamosi.
Nimefupisha vidole viwili, kama ulivyotaka.