Jiwe la Mpimaji

Nilianza na daftari la kurasa sitini na nne,
penseli, na swali nililoliona jepesi:
ukingo wa Mto Ng'ombe ulikuwa wapi?

Bi Mwantumu Kibwana, yuko Tandale tangu enzi za minazi,
akanyoosha kidole kwenye kibanda cha kuchajia simu.
"Pale. Tulivuka kwa gogo,
na mwenye viatu alivivua, akavibeba kichwani
kama mkaa."

Mzee Mng'ong'o, aliyekuja na godoro moja kutoka Njombe
mwaka ule wa foleni za sabuni,
akakataa. Akanipeleka nyuma ya choo chake,
akagonga ardhi kwa kisigino:
"Hapa. Mchanga niliuchota mwenyewe, ndoo kwa ndoo.
Nyumba zote hizi mpaka Kwa Mtogole
zimeula mto kabla mto haujazila."

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena.

Jina nalo lina kesi.
Wapo wasemao ng'ombe walinyweshwa hapa
wakielekea machinjioni, safari wasiyoijua.
Wapo wasemao ni sauti yake ya masika,
unavyolia usiku kama ndama aliyetengwa na mamaye.
Shomari fundi baiskeli akacheka, spana mdomoni:
"Na Tandale je, umeiuliza maana yake?"

Kwa mjumbe, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
nikakuta orodha ya wino uliovuja:
kaya thelathini na moja, kuku hawakuhesabiwa.
Mbele ya majina saba, neno moja, "alihamishwa".
Mbele ya mawili, "alirudi".
Mbele ya jina la baba yangu, alama ya kuuliza.
Mjumbe akaigeuza karatasi, akaisogeza dirishani,
hakumbuki alikuwa anauliza nini.

Nilikaa na alama ile kuliko orodha yote.

Ukutani kwa Mama Nkinda mafuriko yametia saini tatu:
ya kiunoni, ya kifuani,
na ile iliyopita swichi ya taa. Hapaki rangi.
"Wageni wanadhani uchafu," akasema. "Ni kalenda."
Chini yake ipo X nyekundu ya manispaa,
na chini ya X, kwa chaki, hesabu ya mtoto:
saba mara nane, hamsini na nne.
Hakuna aliyesahihisha.

"Tafuta jiwe la mpimaji," karani wa ardhi akaniambia,
"watu husahau, jiwe halisahau."
Siku mbili nimepekua matuta ya mchicha,
magunia ya chupa, mizizi ya migomba,
nikalikuta katikati ya maji.
Si ukingoni. Katikati,
mto ukilipita huku na huku
kama watu wanavyompita mlevi aliyesimama njiani.
Na juu yake Chausiku anafua jinzi za wanawe.

"Dada, naomba usogee kidogo nisome namba."

"Namba ipi?" Hakuinua uso.
"Ililika zamani. Hapa alifulia mama."
Akaipiga jinzi jiweni, paa!
povu likashuka kuelekea Mwananyamala
bila kumuuliza mtu njia.
"Basi ngoja nisuuze, uje uone mwenyewe."

Nikangoja, daftari kwapani,
maji yakiingia kiatu cha kushoto.
Nikavivua vyote viwili.
Sikujua nivishike wapi.