Lebo Iliyobandikwa Karatasi

Barry Ogden aliibandika karatasi nyeupe
juu ya lebo, kwa gundi ya shule,
ili sisi tuliochungulia mezani pake
tusimjue aliyeimba.
Burnley, mwaka wa sabini na tano,
ukumbi wa wafanyakazi wa viwanda vya pamba,
saa tisa ya usiku, poda ya watoto imemwagwa sakafuni
nyayo ziteleze.
Mwanamke akaanza kuimba kabla ya ngoma,
kama mtu aliyeingia mlangoni
maneno yakiwa tayari kinywani.
Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikaacha kucheza.

Ugonjwa wangu ndio huo, na dawa sikuitaka.

Miaka thelathini na mmoja nilichakura.
Maduka ya mitumba, minada ya marehemu,
makasha ya ndizi yaliyosheheni nyimbo za Krismasi,
Glenys akinisubiri garini na chai ya chupa.
Nilijifunza kuzisoma santuri kwa kidole:
ukingo mnene wa mashine za kale,
namba zilizochorwa kwa msumari karibu na kitovu.
Disko za inchi kumi na mbili nilizinunua kwa uzani, kama viazi,
nikauza mia nipate moja.
Glenys akasema, "Nyumba hii ina sahani elfu sita,
na hakuna hata moja ya kulia."
Nikamjibu, zote ni za kulia,
inategemea umekuja na njaa gani.
Hakucheka. Alikuwa na njaa ya kweli siku hiyo.

Barry alipofariki, mjane wake akanifungulia stoo.
Kasha la kumi na nne. Karatasi imekuwa rangi ya chai.
Nikaiondoa kwa pamba na maji ya uvuguvugu,
nukta baada ya nukta, pumzi nimezibana,
na herufi zikajitokeza moja moja:
Verlene Tolliver. Toledo, Ohio.

Alinifungulia mlango akiwa na kandambili za bafuni,
mstaafu wa chumba cha kufulia cha hospitali.
Hakuwa na nakala. Zilichapwa mia tatu;
nyingi zilioza chini ya nyumba ya kaka yake
mwaka mto ulipoingia bila kubisha.
Nikaweka gramafoni yangu ya mkobani
juu ya meza, kando ya vidonge vyake vya presha.

Akasikiliza macho makavu.
"Hiyo tari," akasema, "inachelewa.
Ni dada yangu Odessa. Mimba ya miezi minane,
miguu imevimba kama mikate.
Tulimvutia kiti katikati ya wimbo."
Nami sikujua niseme nini,
maana kule kwetu watu mia nane
tuliruka kwa kukisubiri kuchelewa huko,
tukakiita ufundi.
Mwanamume mmoja akaingia na mifuko ya sokoni,
mvi zimeanza masikioni.
"Huyu naye yumo humo," Verlene akasema. "Hakulipwa."

Akaniuliza bei yake. Nikasema kweli: bei ya gari.
Akacheka hadi akakohoa.
"Sisi tulipewa dola ishirini, tugawane sita."
Nikamwambia, ichukue, ni yako.
Akaigeuza mwangani, akakwaruza kwa ukucha
mabaki ya gundi juu ya V ya jina lake.
"Ninachokiimba nakijua. Nenda nayo.
Ila msinifunike tena."

Sikumfunika. Jumamosi za mwisho wa mwezi
naipiga lebo ikiwa wazi, yeyote achungulie.
Vijana wanapiga picha kwa simu, wanarudi kucheza.
Mimi nabaki nimeinama juu ya sindano,
kwani siku hizi, kabla tu ya tari,
nasikia kiti kikivutwa.
Huenda ni mkwaruzo.
Glenys anasema ni mkwaruzo.