Kulia Kwenda Kushoto

Bibi Somoe binti Mfaume, wa Mikindani,
aliandika nyuma ya stakabadhi za ushirika.
Upande mmoja: korosho, daraja la pili, kilo sitini na mbili,
malipo ya awali.
Upande wa pili: Bismillahi,
kisha beti, kisha beti, hadi karatasi ilipokataa.

Wino aliupika mwenyewe, masizi ya chungu na utomvu wa mkorosho,
maji kidogo, "usiniulize kiasi gani."
Karani wa mizani alimpunja kila msimu.
Mizani yake yeye haikupunja hata silabi.

Nilikuwa na miaka minane, mkekani pa chuo chake,
katikati ya watoto wa Magengeni.
Herufi moja aliibebesha be na pe,
mgongo mmoja, nukta moja.
Nikasoma: pora.
Akacheka hadi ushungi ukaanguka.
"Bora, mjukuu wangu. Ni bora!
Mola hapori."

Upande wa mama ni Ndanda.
Babu Kaspari Nandonde, aliyeshuka kutoka Newala,
chale usoni, rozari mfukoni,
miaka thelathini na mmoja kwenye mtambo wa misheni
akipanga risasi herufi kwa herufi,
katekisimu, sala za jioni, kalenda ya wakulima,
maneno yote kinyume, kama mtu anayejitazama ndani ya ndoo.
Vidole vyake vilikuwa vyeusi hata kwenye Komunyo.

Siku ya ndoa ya wazazi wangu
wajomba walikaa kwao, amu zangu kwao,
pilau ikapoa katikati.
Bibi akatoa ubeti ausome, sauti ikamkatika.
Babu akaomba karatasi.
Hakujua alifu wala be.
Akaisogeza kwenye taa, akaufuata mstari kwa ukucha,
kulia kwenda kushoto,
kama alivyozoea kuifuata risasi yake,
akasema, "Mama, hii imeshapangwa.
Imebaki kuchapwa tu."

Sijui kama ulikuwa utani.
Baba husema ndipo watu walipoanza kula.

Ubeti wenyewe huu hapa, nimeunakili nilivyoweza:

        Andika mwana, andika,
        wino usije kauka,
        jina la Mola kiweka
        na la kwako ulifiche.

Akalificha kweli.
Stakabadhi sasa zimo kwenye mkebe wa biskuti, mchwa wameshaonja pembe,
na mwanafunzi wangu mmoja, Nambunga, msichana mbishi,
ananiuliza nani katunga.
Nasema, Bibi.
Anageuza karatasi huku na huku. Hakuna Bibi.
Kuna namba ya mkulima
na sahihi ya karani, ndefu, yenye mkia.

Babu naye hakuweka jina popote.
Kitabu kilikuwa cha abati, cha askofu, cha mwaka wa Bwana.
Ila kitafute kile kidogo cha sala, jalada la bluu,
penye litania, mstari wa pili toka chini:
n imelala chali, imekuwa u,
na waumini wote wa bondeni wanaomba amaui.
Mapadre walidhani macho yanamwishia.
Mwaka wake wa mwisho, wodini, alinivuta sikio:
"Ile sikuikosea."

Kulia ni mkono. Kulia ni machozi.
Lugha haikunipa neno jingine la upande wanakoanzia wote wawili,
na sikulitafuta.

Mmoja amelazwa kuelekea kibla,
mwingine ana msalaba wa saruji uliopinda kidogo.
Mimi sina wino wa kupika wala risasi ya kupanga.
Nina simu inayonisahihisha kabla sijamaliza neno.
Mhariri, ukifika hapa chini, paache.
Nimeandika, ikafuta; nikaandika, ikafuta.
Mara ya tatu imekubali:

amaui.