Jezi za Marlthorpe

Doreen huusoma msimu kwa madoa.
Agosti ni nyasi, kijani kibichi magotini,
na mji mzima unasema mwaka huu, mwaka huu.
Januari ni tope, jezi nzito
kama mbwa walionyeshewa.
Mei ni chumvi tu. Haionekani,
ila yeye huijua kwa kidole.

Miaka thelathini na mmoja anafua
chini ya jukwaa la mashariki, hapa Marlthorpe,
ambako viwanda vya sufu vimekuwa maduka ya mazulia
na timu imekaa daraja la pili
tangu mumewe Clifford alipokuwa na nywele.
Nafasi ya tatu. Ya saba. Ya tatu tena.
Fainali ya mchujo mara mbili, na mara zote mbili mvua.
Mvumilivu hula mbivu, wanasema.
Marlthorpe imekula maganda
na kuuliza kama yamebaki mengine.

Jezi moja hakuifua: namba kumi na moja,
ya Tranter, aliyegonga mwamba penalti ya tano
akakaa chini pale pale mpaka taa zikazimwa.
Imo kabatini ndani ya mfuko wa mkate,
chokaa ya uwanja bado begani.
Meneja alipouliza, alimwambia imepotea.
Mameneja tisa wamekuja na kwenda.
Imepotea bado.

Leo wakishinda, wamepanda.
Clifford hayupo tena. Kiti chake, safu ya M,
amekikalia mjukuu, Imogen, miaka minane,
ambaye hajajua kwamba kutumaini nako kuna jasho lake.
Doreen hapandi kutazama. Anapima sabuni.
Dakika ya tisini na tatu, kwa saa ya ukutani
inayochelewa,
dari linatetemeka,
vumbi linadondokea chai yake,
kelele moja ndefu isiyo na maneno,
na matofali hayasemi ni ya nani.
Wageni walikuja na mabasi kumi na manne;
nao wana makoo.

Ngazi ni kumi na mbili tu.
Anakaa juu ya ndoo aliyoipindua,
anasukuma kikapu kitupu hadi mlangoni.
Zitakuja. Zitatupwa humu moja moja
zikiwa na joto la migongo,
naye atapitisha kidole kwenye ukosi wa ile ya kwanza:
chumvi,
au, safari hii, kitu kinachonata.