Hesabu ya Isyonje

Miezi minne tulilijadili mezani,
kati ya bakuli la njegere na mshumaa wa akiba.
Gwamaka alikuwa na penseli, mimi nilikuwa na hamu,
na hamu haijui kujumlisha.
Lita ngapi kwa mwezi kwenda zahanati na kurudi,
uniti ngapi za Luku,
na betri iliyozeekea barabara za Wajapani,
je, itastahimili Julai ya Uyole
ambapo maji ya bomba asubuhi yanauma meno?

"Kwa umeme wenyewe huu?" akauliza shemeji,
na kana kwamba umesikia ukitajwa, ukakatika.
Tulicheka gizani, wote, hadi penseli ikaanguka.
Nadhani ni pale nilipoamua.
Sikumwambia mtu.

Likaja juu ya lori, rangi ya maziwa yaliyochacha,
betri yake imebakiwa na vijiti tisa kati ya kumi na viwili.
Watoto wa jirani walilizunguka wakitafuta bomba la moshi
kama watafutao mkia wa chura.
Fundi Ambakisye, ambaye kwa miaka ishirini
ameitibu Korola yetu kwa kuisikiliza tu,
shingo upande, jicho limefumbwa,
alifungua boneti, akanyamaza,
akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi.
"Mama Lugano, hapa mimi ni mgeni.
Nikaribishe chai tu."

Nimejifunza mambo madogo.
Kwamba pasi na gari havichomekwi pamoja.
Kwamba hita ni mlafi; bora blanketi mapajani.
Kwamba mbuzi wa Igawilo hawasikii kimya kikija,
basi nashusha kioo, naimba pambio,
na sasa wananijua kwa sauti.
Kwamba usiku, waya ukipita dirishani
(tulikata pembe ya wavu, baridi ikashukuru),
mita inahesabu kwa kijicho chake chekundu
nami nalala nikiisikia pochi ikivuja, tone, tone.

Lakini nioneni Jumamosi niendapo Tukuyu kwa mama.
Kupanda hadi Isyonje ni kulipa:
asilimia zinaporomoka, tano, tano nyingine,
viazi vimepangwa ndoo kwa ndoo kando ya lami,
ukungu umekaa katikati kama mwenye barabara,
nami nimejibana kitini, kana kwamba nikibana pumzi
uzito wangu utapungua.
Halafu mgongo wa mlima. Halafu mteremko.
Nauondoa mguu, gari linajizuia lenyewe,
na namba, namba inapanda.
Sitini na moja.
Sitini na mbili.
Migomba inaanza, chai inaanza, joto linaanza,
na mlima unanirudishia chenji.
Katika maisha yangu sijawahi kulipwa deni hivi,
bila kupiga hodi mara ya pili.

Si yote inayorudi. Gwamaka hunikumbusha, penseli sikioni.
Na mwezi wa sita, tuliporudi na mikungu minne na mama mwenyewe,
tulifika getini na asilimia nne,
mtaa mzima umezimika, Luku imekuwa kisanduku tu ukutani.
Siku mbili nilienda kazini kwa miguu
nikipita mbele ya karakana ya Ambakisye.
Hakusema neno. Alinipungia mkono
kwa heshima iliyopita kiasi.

Wiki ya vifaranga giza lilirudi,
safari hii betri ikiwa imeshiba.
Tukauvuta waya upande wa pili, kutoka garini kwenda bandani:
balbu moja ya njano juu ya roho themanini zenye manyoya.
Mama aliketi mlangoni, shuka hadi kidevuni,
akalitazama gari, akawatazama vifaranga,
akalitazama tena gari.
"Kumbe linaatamia," akasema.

Gwamaka akafungua daftari la hesabu,
akatafuta safu ya kuandika jambo hilo.
Aliandika: vifaranga themanini.
Akafuta.
Akaandika: sabini na tisa.