Waya wa Mita

Masika yalikatika juzi tu; tope la Pasua
bado lilishika soli kama mdai.
Alfajiri nikaitoa Honda ya baba,
ile nyekundu aliyopewa na Idara ya Mifugo
nikiwa darasa la pili,
akaja kuinunua mnadani, chakavu, kwa kiinua mgongo,
na mama hakusema naye siku tisa.

Kwenye kipilefti cha YMCA, pikipiki themanini na kitu.
Wa Arusha walifika usiku, jaketi za ngozi,
majina ya makundi yao mgongoni kwa uzi wa dhahabu,
mashine zimenona kama mitamba.
Nyuma yao bodaboda wa Kiboriloni na Njoro;
mmoja kaandika kwenye kizuia tope: NALIPA KIDOGOKIDOGO.
Na mimi, mwalimu wa hesabu, gauni nimelichomekea kwenye suruali,
helmeti ya baba inanuka bado
mafuta ya nywele na dawa ya kupe.

“Mwalimu, hiyo itafika?” aliuliza Naushadi wa Njiro.
“Itafika.” Sikumwambia lini.

Mlima ulikuwa umejitanda mawingu; hauagi mtu.
Himo, mahindi magotini.
Kifaru tukakunja kulia, vumbi halijazaliwa,
ardhi ina unyevu wa mkate,
migunga imevaa majani ya kuazima.
Hapo ndipo ilipozima.

Wengine walinipungia mkono, wakapita na ngurumo zao.
Aliyerudi ni Mbonea, bodaboda wa Kileo.
Akachuchumaa, akanusa kabureta kama anayeonja mchuzi,
akakata kandambili yake, akachonga gasketi,
akapanda tena, mguu mmoja peku.
“Na mita yako imekufa,” akasema.
Najua. Imekufa kwenye 61,804.
Waya ulikatika wiki ile baba aliposhindwa kupanda,
nasi hatukuubadilisha. Nani apime nini?

Nyumba ya Mungu: upepo, mchanga mweusi,
pikipiki zimepangwa ufukweni zikitazama maji
kama ng’ombe wanaongoja zamu ya josho.
Mama mmoja wa Lang’ata alikaanga perege,
chenji ameifunga kwenye pindo la kanga.
Wanaume walitambiana kilomita: Tunduma, Kigoma, Lusaka.
Tuzo ya aliyetoka mbali akapewa kijana wa Dodoma.
Nikapiga makofi.

Kisha nikapiga hesabu yangu, kidole mchangani:
baba, kila Jumanne, Moshi hadi hapa na kurudi,
sanduku la chanjo mgongoni, barafu ikimchuruzikia kiunoni,
miaka kumi na tisa.
Jibu lilizidi mita.
Nikarudia. Likazidi tena.
Ilikuwa imeshazunguka, mita ile,
imefika mwisho wa tarakimu zake na kuanza sifuri,
siku gani sijui, njia gani sijui,
na yeye alirudi nyumbani jioni hiyo
akaulizia chai.
Wimbi dogo likafuta kazi kabla sijapigia mstari.

Mbonea alikuja na waya wa Boxa, umekatwa, umefungwa upya.
“Utanilipa ukija tena.”

Kurudi, sikutaka kuiona ikitembea.
Nikaifunika kwa leso.
Lakini pale Kifaru macho yaliingia vumbi,
vumbi lile nililosema halijazaliwa,
nikaihitaji leso:

61,819,
na tisa tayari imeinama,
inaipisha sifuri.